Sikumlilia Inspekta

Machi 3
Linet amenipa hiki kitabu. Amesema, "Mama, andika kila siku, hata mstari mmoja. Mtu akiwa na sinema kwake lazima aandike." Nikamuuliza sinema iko wapi. Amecheka tu.

Niliachia darasa la sita. Kuandika najua kwa Kiswahili kwa sababu mwalimu alitufundisha hivyo. Ekegusii kwangu ni ya mdomo.

Leo nimechuma majani chai ya Mwalimu Ogoti. Jua kali. Mvua bado.

Machi 4
Majani. Jua.

Machi 6
Sasa najua sinema iko wapi. Iko kwangu.

Linet alikuja na kijana anaitwa Gibson. Nywele amesokota kama kamba ya kufunga ng'ombe. Kabla hata nimsalimie akaanza kuzunguka boma, anafanya vidole kama dirisha, anachungulia. Ameangalia nyumba, migomba, kaburi la mzee wangu Manasseh. Akasema, "Hapa ni pazuri sana." Nikamwambia hapa ni kwa mtu.

Akaketi akanieleza. Ni sinema ya kuogopesha, ya polisi.

"Polisi wa kuogopesha wako wengi," nikamwambia. "Enda Marani uwaone bure."

"Hawa wamekufa, Omong'ina," akasema, kwa heshima ya mama mzee.

Hadithi yenyewe ni hivi. Kuna kituo cha polisi juu ya kilima. Asubuhi moja yenye ukungu polisi wamejipanga kwa laini, wanahesabiwa. Majambazi wakawapiga risasi wote kabla mkubwa wao aseme "tawanyika". Sasa polisi hatoki kwa laini bila amri. Hata akifa. Basi kila ukungu ukishuka wanarudi wanasimama pale pale, wanangoja. Inspekta mpya anatumwa huko, mwanamke. Anajaribu kuwasaidia, mwisho wanamvuta na yeye. Analetwa kwao kwa jeneza, mama yake anamlilia, sinema inaisha.

"Na inspekta ni nani?"

Linet akasimama na leso yake ya jikoni, akanipigia saluti.

Huyu mtoto ameenda kuandikwa polisi karibu kila mwaka tangu amalize shule. Anakimbia anaacha wasichana wote nyuma, na wavulana wengine. Mwaka mmoja wakasema ni meno. Mwaka mwingine wakasema ni mguu. Meno yake yanavunja muwa. Mguu ndio huo ulikimbia. Baadaye alichoka akaenda Kisii mjini kusuka watu nywele.

Nikasema sawa. Watumie nyumba yangu.

Machi 8
Sabato. Kanisa. Nimelala mchana.

Machi 11
Mvua ya kwanza. Kidogo.

Machi 14
Fundi wa Keumbu amemaliza kushona sare. Rangi ni bluu lakini vifungo ni vingine, kwa sababu sare ya ukweli hairuhusiwi mtu tu kuvaa. Linet amevaa nje ya nyumba. Mkanda, kofia, fimbo kwapani.

Nilikuwa nafua. Nikaacha kufua.

Nilimpeleka mpaka kwa barabara nikisema tunaenda kununua chumvi. Chumvi ilikuwa nyumbani. Watu walisimama kumwangalia. Mwenye kinyozi alizima mashine. Mama mmoja akaniuliza, "Kwani Linet wako aliingia polisi?" Nikasema, "Si unaona?"

Machi 15
Sabato. Mzee wa kanisa amehubiri juu ya vitu vya bandia. Aliangalia upande wangu. Mimi pia nikamwangalia.

Machi 19
Mvua jioni. Majani yameanza kuwa laini.

Machi 22
Sabato.

Machi 25
Wanafanya kazi kwa stoo ya zamani ya kahawa, ile iliachwa. Wameandika KITUO CHA POLISI ukutani kwa chokaa. Maiti wa polisi ni vijana wa boda boda. Wanapakwa unga wa muhogo usoni na masizi kwa macho. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, wakasimama laini, hawapepesi macho. Mimi nilikuwa napita na kikapu, nikajua kabisa huyu ni fulani na yule ni fulani, alinibeba juzi. Lakini mwili ulinisisimka.

Saa nne walishikwa na njaa wakaenda hotelini vile walivyo. Mwenye hoteli alitoka kwa mlango wa nyuma, akaacha chapati zinaungua. Maiti wakazigeuza wenyewe.

Machi 27
Leo kulikuja polisi wa ukweli. Koplo Nyangau, kutoka kituoni. Mtu mnene, sauti kama ng'oma. Nikafikiri sinema imeisha.

Aliangalia vifungo, akasema sawa. Akaangalia vile maiti wanasimama, akasema si sawa. "Nyinyi ni polisi ama ni miti ya kupanda maharagwe? Kifua mbele! Hata mkikufa!" Akawafundisha mpaka mchana. Kugeuka, kusimama, saluti.

Halafu akamfundisha Linet kutoa amri. Akamwambia, "Dada, usipige kelele. Kelele ni ya mtu anaogopa. Toa sauti hapa chini." Akagusa tumbo lake mwenyewe. Linet alitoa amri mara ya kwanza, vijana wakacheka. Mara ya pili hawakucheka. Mara ya tatu koplo mwenyewe visigino vikagongana.

"Huyu walimwacha kwa nini?" akaniuliza.

"Meno," nikasema.

Alitingisha kichwa. Akakataa kukaa mpaka ukungu urudi. Alisema ana kazi mahali.

Machi 28
Majani. Nimesimulia wachumaji wenzangu habari ya koplo na visigino. Wameniomba nirudie.

Aprili 2
Mvua kubwa. Hakuna sinema.

Aprili 3
Mvua. Vijana wa Gibson wanakula kwangu. Mboga ya chinsaga na obokima, ugali wa wimbi, wanamaliza sufuria. Gibson anaosha vyombo. Sikujua mtu wa nywele hiyo anaosha vyombo.

Aprili 7
Leo jirani yangu Bosibori alipita pale kwa stoo wakati maiti wako laini, na mimi nimewaletea chakula.

Lazima niandike juu ya Bosibori. Mtoto wake Ronny alikuwa konstebo. Alitumwa kaskazini mbali kulinda watu. Gari yao ilipigwa njiani. Aliletwa kwa lori ya polisi, bunduki zikapigwa juu kwa mazishi. Bosibori alilia mpaka sauti ikakatika, na mpaka leo haijarudi vizuri. Inakwaruza.

Alisimama na mzigo wake wa nyasi. Akaangalia wale vijana na unga usoni na sare ya bluu. Gibson akamkimbilia, anataka kumsalimia. Bosibori hakumpa mkono. Aliniambia mimi.

"Nyanchama. Hawa ndio unapikia chakula?"

"Ni mchezo tu, Bosibori."

"Mchezo wa nani?"

Akaenda. Nimeona ana jeuri. Mtoto wangu ananyanyuka, yeye anakasirika.

Aprili 12
Sabato. Bosibori alikaa benchi nyingine.

Aprili 16
Gibson amenijia jikoni. Mambo mengi wamemaliza. Imebaki ile ya mwisho, ya jeneza. Anataka niwe mama wa inspekta. Anataka nilie.

Amesikia kwa watu vile nililia Manasseh alipoanguka kwa jengo. Kweli nililia. Ng'ambo ya mto walisikia wakaja.

"Kilio kama hicho, Omong'ina, huyo mtu wa kutazama atatoka jasho."

"Sitalia."

"Ni kidogo tu."

"Gibson, sikiza. Kwetu kilio si wimbo. Kilio ni kuita. Ukiita, kitu kinakuja. Mtoto wangu ako mzima, anakula. Simlilii."

Linet alikuwa mlangoni. "Mama, ni sinema. Umenisaidia yote hii, sasa unaniangusha mwisho?"

"Hata ukasirike."

"Bila kilio hakuna mwisho. Bila mwisho hakuna sinema. Unataka nirudi kusuka nywele?"

Nilipakua chakula. Hakukula.

Aprili 17
Hatuongei.

Aprili 18
Majani mengi. Mvua usiku, jua mchana. Hatuongei.

Aprili 22
Wamepata mtu wa kulia. Anaitwa Damaris, ni wa mjini, huigiza michezo ya kanisa. Mwembamba, kucha ndefu. Nimempa chai. Sina shida na yeye. Alie mahali pengine.

Nimemwambia Linet, "Asilie hapa bomani." Amesema amesikia.

Aprili 24
Nitaandika yote.

Nilikuwa shambani kwa Mwalimu Ogoti, upande ule mwingine wa bonde. Mvua ilikuwa imeacha. Tulikuwa wanawake wanane ama tisa, tunachuma, tunapiga hadithi. Kilio kikatoka.

Kilio cha mtu aliyepoteza huwezi kukikosea. Kinapanda, kinakatika, kinapanda tena. Kila mtu aligeuza sikio aone ni kwa nani. Kikapanda tena. Wenzangu wakaniangalia mimi.

Kilitoka kwangu.

Na sikukumbuka sinema. Watu wananiuliza leo, Nyanchama, kwani hukujua? Sikujua. Ukisikia kilio kwako huna akili ya kukumbuka kitu. Niliacha kikapu. Nilishuka bonde kwa matako na kwa magoti, nikapita mto na viatu, nikapanda. Mbele yangu nikaona watu wanakimbia kutoka kila upande, na wao wameanza kulia njiani, wanaita jina. "Linet! Linet wa Manasseh!" Sasa kama ulikuwa na shaka, umesikia jina.

Bomani kulikuwa na hema. Chini ya hema kulikuwa na jeneza, limefunguliwa. Ndani alikuwa mtoto wangu na sare yake ya bluu, mikono imekunjwa, kofia kwa kifua. Uso wa jivu. Damu hapa kwa shingo.

Bosibori alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amepiga magoti kwa matope, analia na ile sauti yake ya kukwaruza, amejishika kichwa. Nikaanguka kando yake. Tukashikana. Sauti ilikuwa inakuja kooni, ilikuwa imefika hapa.

Linet akafungua jicho moja. "Mama?"

Nilimpiga kofi Inspekta mbele ya kamera. Kofia ikaruka.

Halafu nikamshika, nikamtoa kwa lile sanduku kama mtu anatoa mtoto kwa maji. Damu ilikuwa tamu, ni rangi na sukari. Alikuwa analia yeye sasa. "Tulikuwa tunajaribu tu, Mama. Damaris alisema atajaribu kidogo tu, polepole." Damaris mwenyewe alikuwa amesimama kwa migomba, amejificha. Wanawake walitaka kumpiga. Gibson akasimama katikati, akapigwa yeye.

Bosibori alisimama. Alikuwa na matope mpaka kiunoni. Hakutukana. Alisema polepole, "Mmeniliza mara ya pili." Akaenda kwake.

Sikuweza kumfuata. Watu walikuwa bado wanakuja. Na wamekuja vile sisi hukuja: huyu na kuni kichwani, huyu na maji, huyu na ndizi, wazee na viti. Kaka yangu wa Ogembo alipigiwa simu na mtu, akafika mchana na gari limejaa watu, wanalia kutoka barabarani. Linet alitoka mbele akiwa na jivu usoni kuwasalimia. Shangazi yake akazimia.

Sasa wanawake wameketi na kuni zao. Mmoja akasema, "Hizi kuni tumezileta kwa matanga. Tutazirudishaje nyumbani?" Wengine wakasema kweli, hazirudi. Wakaniangalia. Mimi ndiye mwenye boma.

Nikasema, "Washeni."

Tulipika zile ndizi zote. Nikachinja kuku niliokuwa nao. Nikamwambia Linet anawe uso, avae gauni, apakulie kila mtu kwa mkono wake, wamshike waone ni nyama na damu. Wazee wakamshika. Shangazi akaamka, akamshika masikio yote mawili. Mzee wa kanisa akaomba, kwa ufupi, na hakusema neno juu ya bandia. Ilikuwa mkutano mkubwa. Watu waliofika kumzika mtoto wangu ni wengi kuliko waliomzika baba yake. Nikaona hivyo. Hata na hasira yangu, niliona wanampenda.

Bosibori hakuja kula.

Aprili 25
Naibu wa chifu, Nyangate, amefika asubuhi. Amefunga sinema. Amesema kilio cha uongo kimekimbiza wazee mpaka mmoja ameteguka mguu. Linet amemwomba. Gibson amemwomba, jicho lake limevimba.

Nyangate si mtu mbaya. Akasema, "Aliyeumizwa kuliko wote ni Bosibori. Akisema mmalize, mmalize. Akikataa, mbebe vyombo vyenu."

Damaris amerudi mjini. Amesema harudi hata apewe nini.

Aprili 26
Sabato. Bosibori hakuja kanisani.

Aprili 28
Linet amelala mchana akiwa ameangalia ukuta. Sare iko kwa msumari. Ile kamera ni ya kuazima, inarudi wiki ya pili ya Mei. Amesema, "Mama, si kosa lako. Mimi nilikuwa na bahati ya meno, sasa nina bahati ya kilio." Nilijaribu kucheka.

Nikiwa shambani nimefikiria sana. Mimi nilifikiri Bosibori ana jeuri. Lakini mtu ambaye mtoto wake alivaa hiyo nguo kweli, akafia ndani, akiona wengine wanaipaka sukari, atafanya nini?

Aprili 30
Nimeenda kwa Bosibori. Nilikuta anapukuchua mahindi. Sikupewa kiti, nikakaa chini, nikaanza kupukuchua na yeye. Tumepukuchua muda.

"Umekuja kuniomba," akasema.

"Nimekuja kwanza kusema pole. Kuomba baadaye."

"Sema zote mara moja. Mahindi ni mengi."

Nikasema pole. Nikamweleza sinema vile iko, kwa sababu nimejua hajawahi kuelezwa. Nikamwambia wale polisi wa unga si wa kuchekwa. Wamesimama kwa laini kwa sababu hakuna mtu aliwaambia kazi imeisha.

Aliacha kupukuchua.

"Wanangoja?"

"Wanangoja."

Kuku wakaanza kula mahindi kwa miguu yake. Halafu akasema, "Ronny alinipigia simu siku hiyo asubuhi. Alisema, Mama nitapiga tena nikitoka kazi." Akafukuza kuku. "Mmalize sinema yenu. Lakini kilio hapana. Mimi kilio changu kilikuwa cha ukweli, na kiliniharibu. Msikichezee tena."

"Hata mimi nimekataa kilio."

"Basi mimi na wewe tunasikizana kitu kimoja."

Nimerudi nikiwa na magunzi ya kuwashia moto. Alinipa mwenyewe.

Mei 1
Nimewaambia. Linet ameruka. Gibson hakuruka. Amesema, "Mama wa inspekta bila kilio, watu wataamini?" Nikamwambia mama ni mimi. Ama wana mwingine?

Hawana.

Mei 2
Mvua.

Mei 5
Mvua. Majani hayachumiki. Barabara ni matope matupu.

Mei 8
Leo.

Mvua iliacha saa tisa. Jua likatoka kwa migomba. Gibson alinipa kiti karibu na jeneza, akasema, "Kaa tu, Omong'ina. Angalia mtoto wako. Usiseme chochote. Sisi tutamaliza na uso wako." Linet akaambiwa afe, asipumue sana, asisogee hata kitokee nini. Watu walijaa nje ya kamba, wote wale wa kuni. Koplo Nyangau pia, kofia mkononi.

Nikakaa. Nikamwangalia.

Uso wa jivu, mdomo umefungwa, sare imenyooka. Nikaona vile atakuwa kama ningempoteza. Nikamwona Ronny. Nikawaona wale vijana wa unga kwa ukungu, wamesimama, mvua inawanyeshea, wanangoja. Na huyu mmoja aliyetumwa kwenda kuwaambia waende nyumbani, huyu mwenye sauti ya kuwaambia, amelala.

Nikakasirika. Kweli. Hiyo haikuwa ya sinema.

Nikasimama. Gibson akanipungia mkono nikae. Nikamwambia mtoto wangu kwa Ekegusii, si kwa kelele, nikatoa hapa chini kwa tumbo, ile sauti ya asubuhi ya shule:

"Wewe msichana. Saa hizi umelala? Wenzako wananyeshewa. Nani atawaambia kazi imeisha? Inuka."

Linet ameniambia baadaye alisahau kila kitu. Kamera, Gibson, kufa. Tangu akiwa mdogo, nikitoa hiyo sauti, miguu yake iko chini kabla macho yafunguke. Kwetu hakuna mtoto wa kulala mama akisema inuka.

Aliinuka. Mzima mzima, mgongo umenyooka, jivu usoni, macho wazi. Kofia ikateleza, akaishika, akaivaa.

Watu wa nyuma ya kamba walirudi nyuma kama maji. Koplo Nyangau alimwita Mungu, "Nyasae!", na akakanyaga mguu wa naibu wa chifu.

Halafu Linet akakumbuka. Akashika mdomo. "Gibson, pole! Pole, nimeharibu, ni Mama, tufanye tena."

Gibson alikuwa amekaa kwa matope. "Hujaharibu," akasema. "Usiguse kitu. Hujaharibu."

Mei 9
Gibson hakulala. Amebadilisha mwisho. Inspekta haendi kuzikwa. Mama anamwamsha, anarudi kilimani kumaliza kazi. Asubuhi ukungu ulishuka kwa stoo ya kahawa, na maiti wakajipanga mara ya mwisho. Linet akaja mbele yao, polepole. Akawaangalia mmoja mmoja. Akasema, "Tawanyika."

Wakageuka vile koplo aliwafundisha. Wakatembea ndani ya ukungu mpaka huoni.

Nilikuwa na kikapu mgongoni. Nilichelewa kazini. Mwalimu Ogoti aliuliza, nikamwambia nilikuwa na Inspekta.

Mei 12
Kamera imerudi.

Mei 20
Majani mengi. Magoti yanauma.

Mei 29
Linet amepiga simu. Wanakata na kuunganisha. Anasema uso wangu ni mkubwa kama ukuta.

Juni 6
Mvua inapungua. Kwa kituo cha kupima majani wananiita Mama Inspekta. Naitika.

Juni 15
Jumapili. Leo wameonyesha sinema Marani, kwa ukumbi. Madirisha yamefungwa na magunia. Watu walijaa mpaka wengine walisimama. Kaka yangu alitoka Ogembo na gari lile lile, wakati huu wamevaa vizuri.

Nilikaa mbele. Bosibori alikuja. Alikaa kando yangu.

Sitaandika sinema yote. Nitaandika kwamba maiti walipotokea kwa ukungu, Koplo Nyangau alinishika mkono na hakuachilia mpaka mwisho. Kwamba mwenye hoteli alipiga nduru na watu wakamcheka. Kwamba Linet alipotembea na fimbo yake, mwanamke mmoja nyuma yangu alisema, "Huyu ni polisi kabisa," na mimi nikageuka ili anione.

Nilipojiona kwa ukuta nikisema inuka, niliona nimezeeka. Niliona pia sikuogopa. Linet akainuka, ukumbi wote ukavuta pumzi. Kisha ukungu, laini, na ile amri. Wale polisi wakaenda.

Taa hazijawashwa. Bosibori akasimama.

Alisimama vile watu husimama kanisani kuomba kitu. Na ile sauti yake ya kukwaruza akasema kwa ukumbi mzima, "Linet. Uko wapi? Na wangu? Ronny wangu naye hakuambiwa."

Hakuna mtu alijua aangalie wapi. Gibson akaniangalia mimi. Lakini aliyeulizwa si mimi.

Linet alikuwa upande wa mlango, amevaa gauni la maua na ndara. Hakuuliza mtu. Alitembea mpaka mbele, akasimama mguu sawa, mikono chini. Alingoja mpaka hata watoto wakanyamaza. Akatoa sauti kutoka chini.

"Konstebo Ronny Mogire."

Akangoja kidogo, kama mtu anaacha mwingine asogee mbele.

"Kazi yako imeisha. Tawanyika."

Akapiga saluti, na gauni lake hilo la maua. Nilisikia visigino vya Koplo Nyangau kando yangu. Alikuwa amesimama na yeye, saluti juu, machozi yanashuka kwa shavu.

Bosibori alibaki amesimama. Alikuwa anaangalia pale mbele, kando ya Linet, mahali hapakuwa na mtu. Halafu akafuta uso na kitambaa, akasema, "Asante, afande."

Akakaa. Taa zikawashwa.

Kutoka nje watu walifungua njia. Njia ya kurudi kwetu ni nyembamba, ya mtu mmoja mmoja, majani chai pande zote. Linet alisimama pembeni anipishe, vile mtoto humpisha mama.

Nilimwambia atangulie. Nikamfuata nyuma mpaka nyumbani.